Kilimbili

Andika kilimbili, mwanangu,
usiandike mkono.
Mkono ninao, huu hapa juu ya meza yako.
Kilichovunjika ni pale unapogeukia.

Ilikuwa Wete, kwenye mteremko wa bandarini,
Jumanne, saa nne kasorobo.
Lori la magunia likapanda jiwe,
na gunia la nyuma, lisilofungwa kamba, likashuka.
Mtu akiangukiwa hana shauri na mwili wake:
mkono ulitangulia kabla sijauambia.
Nikasikia kama konyo kavu linavyokatwa,
tap,
basi.

Unataka mashahidi wawili.
Walikuwepo arubaini.
Wote walikuwa wameinama.
Gunia lilipasuka, karafuu zikatapakaa barabarani,
na msimu ule kilo ilikuwa na bei yake.
Bi Mkasi aliokotea upindo wa kanga,
watoto wa skuli mikoba,
hata yule mwenye duka la vipuri, anayeswali safu ya mbele,
nilimwona akizisukuma kwa kiatu kuelekea mlangoni pake.
Nani aje hapa aseme aliona,
halafu aulizwe, wewe mikono yako ilikuwa inafanya nini?
Hata mimi, Mungu ananiona,
nilifikishwa hospitali ngumi ya kushoto imefumbwa,
na nesi alipoifumbua
chumba kizima kilinukia.

Mwenye lori alikuja na mikate ya mofa, na pole.
Akasema ni kadari.
Nikamwambia kadari naiamini,
lakini kamba ilikuwa shilingi elfu tatu.

Nikaenda Chake, ofisi ya bima.
Wakasema gari halikunigonga,
kilichonigonga ni mzigo,
na mzigo haukukatiwa bima.
Nikamwendea mwenye mzigo.
Akasema mzigo ukishapakiwa ni wa lori.
Basi huu mwezi wa tano
nimevunjwa na kitu kisicho na mwenyewe.

Uliniuliza kazi, nikakwambia nashona kofia.
Umeandika "mama wa nyumbani".
Usishtuke. Nimesomesha chuoni miaka kumi,
watoto wakinikalia mbele na juzuu zao;
maandishi nayasoma hata yakinigeuzia miguu.

Na hii karatasi ya daktari:
nimepoteza asilimia kumi na nne.
Sijui alipimia pishi au kibaba.
Sahani naosha. Komeo naifungua.
Nywele za mjukuu nasuka, vibaya, lakini nasuka.
Ila kitundu kimoja cha kofia
kinataka sindano izunguke mara tisa, uzi usilegee,
na kofia moja ina vitundu mia nane na kitu.
Mimi sasa nafika mara ya tano
kidole gumba kinaingia ganzi,
sindano inaanguka mkekani,
naipapasa kama mwizi nyumbani kwangu.
Hesabu hiyo fomu yako imeiweka mstari gani?

Nimekuja nayo. Shika.
Hadi hapa ni Rajabu.
Kuanzia hapa ni mkono wa sasa.
Huhitaji miwani, pitisha kidole tu.
Aliyeiagiza alikuwa anaoa;
alisubiri, akasubiri,
akaenda kukaa mbele ya kadhi na kofia ya mashine.
Amana yake nilimrejeshea yote,
na hilo pia halina mstari.

Unasema iambatanishwe na faili?
Mimi radhi.
Lakini hiyo pini ya kubania karatasi irudishe mezani.
Kofia haitobolewi na kitu kisichojua kushona.
Tafuta bahasha.

Kabla ya bahasha, futa pale kwenye kazi.
Andika upya, taratibu, herufi zisomeke.
Shika kalamu hivyo hivyo.
Sasa usiangalie karatasi,
angalia mkono wako:
kinachozunguka hapo
kinaitwaje?